Jina Likitoka Nje ya Mlango: Namna ya Kulipima Jina la Mtoto Kabla ya Kuliandikisha

Nina steshenari Mwanjelwa, hapa Mbeya mjini. Natoa kopi, napiga picha za pasipoti, nawajazia watu fomu za mtandaoni za vyuo, ajira na vyeti. Kwa kazi hiyo majina ya nyanda zote hizi yanapita mikononi mwangu: ya Wanyakyusa, Wasafwa, Wanyiha, Wahehe, Wabena, Wakinga, na ya wageni wanaoingilia Tunduma, mpakani na Zambia.

Juzi walikuja vijana wawili kutoka Kyela, mke na mume, mtoto mgongoni. Walitaka kopi za vitambulisho waende nazo kumwandikisha mtoto. Nikauliza anaitwa nani. Baba akajibu upesi, "Atupele, mama." Mkewe akaangalia chini.

"Mwanangu, wewe hulitaki?"

"Nalitaka, mama. Ila kaka yangu anaishi Tanga, ameoa hukohuko. Tulimpigia simu kumwambia jina na maana yake, akacheka mpaka simu ikakatika. Eti, 'Ametupa? Ametupa wapi, jalalani?'"

Hapo nikaelewa. Kwa Kinyakyusa atupele ni "ametupa", Mungu ametupa sisi mtoto huyu. Kiswahili nacho kina ametupa mbili zinazoandikwa sawasawa, ya kupa na ya kutupa, na mjomba wa Tanga alichagua ile ya jalala. Nikawavutia benchi wakae. Haya yafuatayo ndiyo niliyowaambia siku hiyo, nimeongeza na yale niliyoyakumbuka walipokwisha kuondoka.

Hatua ya 1: Mfuate mwenye lugha

Kabla hujauliza wengine wanalisikiaje jina, hakikisha wewe mwenyewe unajua linasema nini. Majina ya Kinyakyusa kwa sehemu kubwa ni ya aina mbili. Kuna majina ya kitu: Lugano ni upendo, Lusajo ni baraka, Lwitiko ni imani, Lusubilo ni tumaini, Lusekelo ni furaha, Lutengano ni amani, Ipyana ni neema, Bupe ni zawadi. Halafu kuna majina ambayo ni sentensi nzima iliyobanwa ndani ya neno moja. Atuganile ni "ametupenda". Asajile ni "amebariki". Tulinagwe ni "tuko naye". Tuntufye ni "tumsifu". Ambwene ni "ameniona". Ndilo jina la AY, yule mwanamuziki wa bongo fleva, na wengi waliomsikiliza miaka yote hawajui kwamba A ile ni ushuhuda.

Katika majina ya sentensi mtendaji hatajwi. Mnyakyusa hahitaji kuambiwa ni nani aliyetupa wala aliyeniona. Mgeni anahitaji. Kicheko cha Tanga kilianzia hapo hapo, kwenye nafasi iliyoachwa wazi.

Unapomwendea mzee, usiishie kuuliza "maana yake nini?" Atakutafsiria neno tu na utaondoka na nusu ya habari. Muulize nani alikuwa wa kwanza kupewa jina hilo katika ukoo, na siku hiyo nyumbani kulikuwa na nini. Kenneth Kaunda, aliyekuja kuwa Rais wa kwanza wa Zambia, alizaliwa mwaka 1924 kule Chinsali, upande wa pili wa Tunduma. Jina lake la nyumbani ni Buchizya, yaani asiyetarajiwa. Kamusi ingekupa hilo neno moja ukadhani mtoto hakutakiwa. Kumbe alikuwa mtoto wa 8, na wazazi wake walikuwa katika mwaka wa 20 wa ndoa yao. Walishakata tamaa ya kupata mwingine.

Tovuti za majina ya watoto zitumie kwa kujifurahisha. Nyingi za Ulaya na Marekani zimeandika kwamba Nala ni jina la Kiswahili lenye maana ya "zawadi", na wazazi wa huko wamewapa mabinti zao kwa upendo kabisa. Mswahili akimsikia mtoto anaitwa hivyo atangoja aambiwe anakula nini.

Hatua ya 2: Lipitishe kwenye Kiswahili kwanza, kabla ya Kiingereza

Wazazi wengi wanaokuja dukani wanaogopa Wazungu watalisomaje jina. Mimi nawaambia, mtoto wako atakaa darasani na Wazaramo, Wasukuma na Wachaga miaka 10 kabla hajakutana na Mzungu hata mmoja. Sikio la kwanza kulipima ni la Kiswahili.

Jipime hivi. Mwambie mtu asiyejua lugha ya kwenu alitamke jina mara tatu: alisome kwenye karatasi, aliite kwa sauti kutoka upande wa pili wa uwanja, halafu aliseme pamoja na neno la kuamrisha, kama mwalimu anavyofanya. Majina mengine yanateleza kwenye kipimo cha tatu. Tulia ni jina zuri, na mwenye nalo kutoka Mbeya, Dkt. Tulia Ackson, alichaguliwa Spika wa Bunge mwaka 2022 na mwaka uliofuata akawa Rais wa Umoja wa Mabunge Duniani. Lakini darasani mwalimu akisema "Tulia!" wanafunzi 60 wanageuka kumwangalia mmoja. Tumpe nalo, la mabinti wa kwetu, linasema jambo lilelile kwa Kinyakyusa na kwa Kiswahili: tumpe Mungu sifa. Mtaani wanalimalizia wenyewe, "tumpe nini?"

Huo ni utani, na utani wa aina hii haujamzuia mtu kufika popote. Ninachotaka ni wewe mzazi uusikie kabla ya mtoto. Ukishausikia, unaweza kumwandalia jibu. Yule mama wa Kyela nilimwambia amfundishe Atupele wake aseme, "Ametupa mimi," kwa kujigamba, mikono kiunoni. Akacheka kwa mara ya kwanza tangu waingie.

Kuna jambo la sauti pia. Lugha zetu nyingi za huku hazina r, na Kinyakyusa hakina hata z. Bibi yangu alimwita shangazi yangu Roza "Losa" mpaka anazikwa, na Rebeka alikuwa Lebeka. Ukichagua jina lenye r nyumbani kwa watu wasio na r, jiandae kuwa na mtoto mwenye majina mawili, la cheti na la jikoni. Si dhambi. Ila karani naye anaweza kuwa wa kwetu, na huandika anachosikia. Nimeona cheti cha kuzaliwa cha Loda na cheti cha shule cha Rhoda, vyote vya dada mmoja, na safari alizofanya kuthibitisha kwamba ni yeye yuleyule zingemfikisha Mwanza na kumrudisha.

Hatua ya 3: Vuka mpaka

Hapa kwetu nchi jirani ziko karibu kuliko Dar es Salaam. Kutoka Kyela unavuka Kasumulu uko Malawi. Kutoka Tunduma unavuka barabara tu, uko Nakonde, Zambia. Watoto wetu watasoma na kufanya biashara huko, kwa hiyo uliza.

Karonga, kule Malawi, ni kwa ndugu zetu Wangonde, na majina yao utayatambua, ila yamevaa tahajia nyingine: Lusajo wa Tukuyu, Karonga anaandikwa Lusayo. Baraka ni ileile. Bupe naye ni zawadi pia kwa Wabemba wa Zambia. Sisi tunampa binti, wao hawaoni ajabu kumpa mvulana. Na Atupele, ambaye huku mara nyingi ni msichana, Malawi ana mwanasiasa maarufu mwenye jina hilo ambaye ni mwanamume, Atupele Muluzi, mtoto wa Rais wa zamani Bakili Muluzi. Kiyao nacho kina neno hilo kwa maana hiyohiyo.

Nilipolisema hili, baba wa Kyela aliinua kichwa. Kumbe wanaolibeba ni wengi hivyo.

Ukifika Malawi utagundua kwamba wanafikiri kama sisi: Chikondi ni upendo, Chimwemwe ni furaha, Chisomo ni neema, Mphatso ni zawadi, Madalitso ni baraka. Ipyana akitambulishwa kwa Chisomo, ni somo yake, hata kama majina hayafanani hata herufi. Mimi huwaambia wafanyabiashara wa mchele wanaovuka waseme na maana ya majina yao wanaposalimiana. Inafungua mazungumzo kuliko kadi ya biashara.

Hatua ya 4: Sasa uliza mbali

Hatua hii ndiyo iliyonifundisha mengi zaidi, na iliniadabisha.

Kuna binti wa usharika wa jirani alichaguliwa kwenda Ujerumani na kundi la vijana wa kanisa. Uhusiano huo ni wa zamani; wamisionari wa Moravian kutoka Ujerumani walifika Rungwe mwaka 1891, na mpaka leo sharika za huku zina marafiki kule. Binti huyo anaitwa Gift. Bibi yake alikuwa amempendekezea Bupe, wazazi wakaona litamkwamisha huko mbele, wakalitafsiri kwa Kiingereza ili liwe la kimataifa. Alipofika Ujerumani akasimama mbele ya wenyeji, akasema kwa tabasamu kwamba anaitwa Gift. Anasema wazee waliangaliana.

Kwa Kijerumani Gift ni sumu. Ndilo neno linaloandikwa kwenye chupa za dawa ya panya.

Na asili ya maneno hayo mawili ni moja, kitu kilichotolewa. Kwa Waingereza kikabaki zawadi. Kwa Wajerumani kikawa kipimo cha dawa anachopewa mgonjwa, kipimo kikageuka sumu. Maana ya zamani imebaki kwenye Mitgift, mali anayokwenda nayo bibi harusi kwa mumewe. Wenyeji wake walikuwa watu waungwana, walimweleza, wakacheka pamoja. Lakini alirudi akaniambia, "Mama, ningekuwa Bupe ningelala usingizi." Maana Bupe kwa Mjerumani si kitu chochote kinachotisha. Ni sauti tu, na mtu atauliza maana yake, naye atapata nafasi ya kusema.

Tangu hapo sikubali tena ile hoja kwamba jina la Kiingereza ni salama na la nyumbani ni hatari. Yote yapimwe. Jina la Kiingereza ni la lugha moja kama mengine.

Angalia Oliver. Hapa kwetu nawajua akina mama kadhaa wanaoitwa Oliver, wenye wajukuu. Uingereza na Wales, kwa miaka kadhaa mfululizo, Oliver lilikuwa juu kabisa ya orodha ya majina ya wavulana. Andrea kinyume chake: kwetu ni mwanamume, kama yule ndugu yake Petro kwenye Biblia, na Italia pia ni mwanamume. Ujerumani, Uingereza na Marekani ni mwanamke. Nilimjazia kijana mmoja fomu ya chuo cha nje, akarudi wiki chache baadaye na barua inayomkaribisha kwenye bweni la wasichana. Aliuliza kama ni lazima aikatae.

Kuna maneno yanayofanana kwa bahati mbaya tu, na haya ndiyo makali zaidi. Ufilipino binti anaweza kuitwa Malaya, kwa maana ya "huru", jina la heshima na la uzalendo. Mlete hapa Kabwe, Mbeya mjini, umtambulishe kwa jina hilo uone. Waturuki buluu yao inaitwa mavi, na kuna suruali za jinzi zenye nembo ya neno hilo. Ukizikuta kwenye mitumba ya soko letu la Sido usimlaumu mshonaji. Siri ni jina la kike la watu wa Skandinavia, kifupi cha Sigrid, na kwetu ni jambo lisilosemwa. Mhispania anayeitwa Pilar, nyumbani kwao wanamwita Pili, akija huku tutamuuliza Mosi yuko wapi.

Pia usidhani maana ni moja kwa sababu sauti ni moja. Asha kwetu limetoka kwa Aisha wa Kiarabu, uhai. India Asha ni tumaini. Amani kwa Mwarabu ni jina la kike na maana yake ni matarajio, mambo mtu anayoyatamani. Sisi tunampa mvulana, maana yake utulivu. Imani na Nia kule Marekani yamekuwa majina ya mabinti wa Wamarekani weusi, kwa sababu ni kati ya kanuni saba za Kwanzaa, sherehe iliyoanzishwa mwaka 1966 na ambayo kanuni zake zote zina majina ya Kiswahili. Nia wa Chicago angefika Iringa angeulizwa, "Nia ya kufanya nini?"

Na kuna majina ambayo hapa ni ya kawaida na kwingine hayagusiki, au kinyume chake. Hakuna Mkristo wa Mbeya atakayembatiza mtoto Yesu. Wahispania na watu wa Amerika ya Kusini wanaitwa Jesús kama sisi tunavyoitwa Juma, na mashabiki wa soka wamelizoea la Gabriel Jesus bila kushtuka. Jirani yako Mwislamu naye ana mtoto anaitwa Issa, ambalo ni jina hilohilo kwa Kiarabu. Ukimpa mtoto Abdul, kumbuka mwalimu wa madrasa atakwambia halijaisha: ni "mja wa", na linangoja jina la Mungu, kama Abdulrahman au Abdulkarimu.

Namna ya kupima ni rahisi. Andika jina kwenye Google ukiwa umechagua sehemu ya picha. Zikija picha za watu, vizuri. Zikija za dawa, gari au kitu cha aibu, umejua mapema. Halafu tafuta watu watatu: aliyesoma Kiarabu, dereva wa malori anayekwenda Lubumbashi, na kijana wa mtaani aliye ng'ambo. Waulize swali moja, "Ukilisikia jina hili huko, kinachokujia kwanza ni nini?" Usiwaambie maana kabla hawajajibu.

Usitafute jina ambalo halina kosa katika lugha yoyote duniani. Halipo. Fikiria sehemu tatu ambazo mtoto huyu ana uwezekano wa kufika, pima kwa hizo, basi.

Hatua ya 5: Majina ya shida yasichekwe haraka, ila yachunguzwe

Shida, Tabu, Mashaka, Masumbuko, Mateso, Majuto. Vijana wengi huja kwangu kuuliza namna ya kuyafuta. Malawi wanao akina Mavuto na Masautso, maana ni hizohizo. Mhubiri atakwambia jina linavuta maisha. Mimi sina uhakika huo, kwa sababu nawajua akina Shida wenye maghala ya mpunga.

Mara nyingi jina kama hilo ni kumbukumbu: mwaka wa njaa, msiba uliotangulia, uchungu uliochukua siku tatu. Wakati mwingine ni ujanja. Mama aliyezika watoto wawili anampa wa tatu jina baya ili kifo kimpite kama kitu kisichofaa. Wachina wa vijijini walifanya hivyo hivyo. Mtoto wa kiume aliyesubiriwa kwa hamu angeitwa nyumbani Gousheng, mabaki ya mbwa. Jina baya lilikuwa blanketi.

Nelson Mandela alizaliwa mwaka 1918 akaitwa Rolihlahla, kwa Kixhosa "anayevuta tawi la mti", na katika mazungumzo ya kawaida maana yake ni mchokozi. Nelson alipewa na mwalimu siku ya kwanza shuleni. Sijasikia mtu akisema Rolihlahla lilimharibia.

Lakini weka mpaka. Mwaka 1993 huko Japani baba mmoja alitaka kumwandikisha mwanawe Akuma, yaani shetani, na ofisi ya serikali ikakataa. Sisi hatuna tatizo hilo. Tatizo letu ni kijembe. Mtu kagombana na mawifi, anamwita mtoto Sikudhani, au Majuto, ili kila anapoitwa wahusika wasikie. Mawifi wanazeeka, ugomvi unasahaulika, waliogombana wanazikwa makaburi ya jirani, na mtu mzima wa miaka 50 bado anaitwa kwa maneno ya ugomvi ambao hakuwepo. Jina la msiba nitakuandikia. La kijembe nitakuomba ulale nalo usiku mmoja kwanza.

Kama jina la shida limeshatolewa, mpe mtoto hadithi yake akiwa mdogo, kabla shule haijampa hadithi nyingine.

Hatua ya 6: Angalia nani mwingine amelibeba

Hii ni fupi. Adolf ni jina lililokuja na Wajerumani, na nyanda hizi kuna mababu waliobatizwa nalo bila neno. Ujerumani kwenyewe lilikuwa la kawaida, na baada ya vita iliyokwisha mwaka 1945 karibu litoweke. Mwaka 2020 mwanasiasa mmoja wa kaskazini mwa Namibia alishinda uchaguzi wa baraza la mkoa, na magazeti ya dunia yakamwandika kwa sababu ya jina alilopewa na baba yake: Adolf Hitler Uunona. Kumrithisha mtoto jina la babu Adolf ni sawa. Ila ajue, siku atakayokwenda huko, kwa nini watu wananyamaza kidogo.

Jina la mchezaji au mwanasiasa aliye hai ni mkopo; hujui atafanya nini kesho. Hata mashine zinaweza kukuharibia. Kampuni ya Amazon ilipokiita Alexa kile kifaa chake cha kuongea mwaka 2014, wazazi wa Marekani wakaanza kulikimbia, maana mtoto akiitwa sebuleni, kifaa kinaitika.

Hatua ya 7: Liandike mwenyewe kabla karani hajaliandika

Mbeya tulikuwa miongoni mwa mikoa ya mwanzo, mwaka 2013, katika ule mpango wa RITA, wakala wa serikali wa usajili, wa kuwaandikisha watoto wa chini ya miaka 5 bila malipo kwenye vituo vya afya na ofisi za kata. Ni jambo jema sana, ila cheti kinaandikwa papo hapo, kwa mkono, na foleni nyuma yako.

Kwa hiyo nenda na karatasi. Andika jina la mtoto, la baba na la ukoo kwa herufi kubwa, zilizoachana. Usilitamke tu, mwonyeshe. Kabla hujaondoka dirishani, soma kilichoandikwa herufi kwa herufi. Angalia zaidi l na r, j na y, s na z, na majina ya kigeni yenye herufi mbilimbili: Jesca na Jessica ni watu wawili mbele ya kompyuta. Jina lenye ng' liangalie mara mbili, maana mifumo mingi inakimeza kile kikato cha juu, na wengine wanakiweka mahali pengine.

Hakikisha kadi ya kliniki, tangazo la kizazi na cheti vinasema kitu kimoja. Mtoto akiingia darasa la kwanza jina linasajiliwa kwenye mfumo wa PREM wa Baraza la Mitihani, na hilo ndilo litakalomfuata hadi mtihani wa kumaliza shule ya msingi na vyeti vya mbele. Kosa la leo linafutwa kwa kalamu. La miaka 15 ijayo linafutwa kwa kiapo, wakili na nauli.

Na kama unaweka majina mawili ya kwanza, la nyumbani na la ubatizo, tangulia na lile mtakalomwita kila siku. Fomu nyingi za nje huchukua la kwanza, yale ya katikati yanapotea njiani.

Vijana wa Kyela walinisikiliza mpaka mwisho, hata mtoto akawa amenyonya, akalala. Niliwauliza wameamuaje. Baba akamwangalia mkewe. Yule binti akasema, "Atupele, mama. Kaka atazoea." Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini, "Na wa pili tutamwita Bupe."

Nikachukua karatasi ya A4, nikaikata nusu, nikampa baba kalamu. Akaandika A-T-U-P-E-L-E kwa herufi kubwa, akahesabu kwa kidole kama zimetimia saba. Mkewe akaichukua, akaitazama, akaomba kalamu. L ilikuwa imekaa kama I. Akairefusha mguu.